Picha Ambayo Bibi Cora Hakuiandika

Mwanangu, katika siku zote nilizofanya kazi kwenye nyumba ya wazee ya Great Barr, kule Birmingham, Uingereza, iko moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo. Ilikuwa alasiri ya mvua ya rasharasha, nami nilikuwa namchana nywele bibi mmoja wa Kimarekani aliyekaribia kutimiza miaka mia. Akaniambia jambo, nikamjibu kwa busara ya msichana wa miaka ishirini na sita, yaani busara haba. Nitakusimulia yaliyotangulia na yaliyofuata, bila haraka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Tanga si zamani, nimepanga chumba Stechford kwa familia moja ya Unguja waliokuwa na biashara ya vitambaa. Asubuhi nilipanda treni hadi mjini, kisha basi hadi Great Barr. Nyumba yetu ya wazee ilikuwa karibu sana na barabara kuu ya M6, magari yakivuma kutwa nzima, na wazee wapya mara nyingi walituomba tufunge dirisha wakidhani ni upepo. Msimamizi wetu wa zamu alikuwa Sista Nyambura, muuguzi kutoka Nyeri, mama mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka. Yeye alimwita kila mkazi mwanamke nyanya, yaani bibi kwa Kiswahili cha kwao, nami mwanzoni nilikuwa najizuia kucheka, maana kwetu Tanga nyanya tunaikatia kachumbari.

Wafanyakazi wa Kiingereza waliwaita wazee kwa majina matupu, kama watoto waliosoma nao darasa moja. Mimi sikuweza. Huyu Mmarekani, ambaye jina lake lilikuwa Cora Haskett, nilimwita Bibi Cora. Akaniuliza bibi maana yake nini. Nikamweleza kuwa ni mama wa mama yako au wa baba yako, au mwanamke yeyote aliyekutangulia sana duniani. Akafikiri, akasema yeye hakuzaa, lakini hilo la mwisho hawezi kulikataa.

Hakuwa bibi wa kupakata watu. Alikuwa mkavu, mwembamba, macho bado makali, na alichukia kuulizwa kama anajisikia vizuri. Alichopenda ni habari. Nikimvisha soksi au nikimpaka mafuta miguuni, alitaka nimweleze yaliyotokea Stechford: nani amegombana na nani, nani ameolewa, nani amefunga duka. Nami nikianza kueleza, ananikatiza. Ananiambia nimeanza mapema mno, nianzie pale mlango ulipogongwa. Au ananiuliza kwa nini nimemtaja shemeji wakati shemeji hana kazi yoyote katika kisa hiki. Nilidhani ni uzee. Baadaye Sista Nyambura akaniambia, "Huyu nyanya alikuwa anaandika filamu huko Marekani, kitambo sana, kabla sinema hazijaanza kuongea. Muulize uone."

Nikamuuliza, na akanisimulia kidogo kidogo, kwa miezi mingi, bila majivuno na bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza safari ya jirani.

Alizaliwa katika mji mdogo wa wakulima wa mahindi, baba yake akiwa kinyozi. Alijifundisha kupiga taipu kwa mashine ya mwalimu wa kanisa, na alipokuwa bado msichana mdogo akaenda California kukaa kwa shangazi yake. Wakati ule kampuni za picha zilikuwa zinachipuka kila kona, na zilihitaji wapiga taipu. Akaingia. Katika ofisi ya hadithi alimkuta mwanamke mmoja, Nell Tarrant, aliyekuwa mkubwa kwake kwa miaka kama kumi, na ndiye aliyekuwa kichwa cha ofisi ile ingawa mlangoni palikuwa na jina la mwanamume. Nell alikuwa akitembea huku na huku akisimulia picha nzima, tukio baada ya tukio, na Cora anapiga taipu.

Picha za wakati ule hazikuwa na sauti. Watu wakizungumza, unaona midomo tu, kisha kinatokea kibao cheusi chenye maneno meupe, watazamaji wanasoma. Kuandika vile vibao ilikuwa ufundi wa peke yake. Nell ndiye aliyemfundisha. Alimwambia kwamba mtu aliyekaa gizani na kulipa kiingilio hana subira, kwa hiyo umpe maneno machache na kila neno liwe na kazi. Cora akaanza na vibao, baadaye akaandika picha zake mwenyewe: moja ya dada wawili waliokuwa na koti moja zuri wakilivaa kwa zamu kwenda kutafuta kazi, nyingine ya mke wa daktari wa meno aliyejifunza kung'oa meno kwa siri. Zilipendwa. Alinunua gari, akavaa kofia za bei mbaya, akala chakula na watu ambao sura zao zilibandikwa kwenye kuta za miji.

Kisha picha zikaanza kuongea. Kampuni zikaleta wanaume kutoka kwenye kumbi za maigizo za New York, kwamba hao ndio wanaojua mazungumzo, na ofisi ile ya hadithi ikafungwa. Cora akageukia riwaya. Aliandika jikoni kwake, akauza vitabu kadhaa, watu wakavinunua kwenye stesheni za reli na kuviacha kwenye viti vya treni, ndivyo alivyosema yeye. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikutana na Mwingereza fundi wa mashine, akaolewa, akaja naye Birmingham. Hapa aliendelea kuandika miaka michache, mpaka mchapishaji wake akafunga shughuli. Mume alikufa, ngazi za nyumba yao ya Kingstanding zikamshinda, akaja kwetu.

Nilimuuliza picha zake ziko wapi, nizione. Akasema hakuna. Filamu za zamani zilikuwa kama kiberiti, ghala likishika moto linakwisha lote, na ghala la kampuni yao lilishika moto. Zilizosalia ziliyeyushwa, watu wapate madini ya fedha yaliyokuwa ndani yake. Akayasema haya huku akiniomba nimsogezee chai. Nami nikaona ajabu, mtu kufanya kazi ujana wake wote na isibaki hata picha moja ya kumwonyesha msichana anayemvisha soksi.

Basi mwaka mmoja, majira ya kuchipua, akaja kijana wa chuo kikuu, Peter Hallam, mtafiti wa sinema za zamani. Huko New Zealand, chini ya jukwaa la ukumbi uliovunjwa, yalikuwa yamepatikana makopo ya filamu. Nyingi zilikuwa zimeoza, ila moja ilikuwa karibu nzima, na ilitoka katika kampuni ile ile aliyofanyia kazi Bibi Cora. Kipande cha mwanzo chenye majina kilikuwa kimeharibika. Bwana Hallam alikuwa amelinganisha hili na lile, akasoma habari za mtindo wa waandishi wa kampuni ile, akafikia uamuzi kwamba mwandishi ni Cora Haskett. Na alipogundua kwamba Cora Haskett bado yu hai, tena yuko Great Barr, nusura asiamini.

Alileta televisheni na kanda ya video. Nilikuwapo chumbani. Picha ilimhusu dobi mmoja, mwanamke anayefua nguo za watu katika mji wa machimbo ya dhahabu, mume wake amekwenda milimani kutafuta utajiri na hajarudi. Miaka inapita, mwanamke anafua, anajenga, anaajiri wenzake. Mwisho mume anarudi tajiri, kofia mkononi, anagonga mlango. Mwanamke anafungua, anamtazama, anachezesha midomo, na kibao kinatokea: "Yule aliyekuwa akikungoja alishahama." Kisha anafunga mlango, taratibu, bila hasira.

Picha ilipokwisha Bwana Hallam akamuuliza Bibi Cora kama anaikumbuka. Akajibu kwamba anakumbuka kila kitu. Akaomba airudie mwisho wake. Yule kijana akaurudia, na machozi yakamlengalenga Bibi Cora, na kijana akachukua jibu lile kuwa ndiyo.

Tangu hapo nyumba nzima ikawa kama ina harusi. Meneja akaandaa sherehe pale pale sebuleni, kwa sababu Bibi Cora hakuweza tena kusafiri. Wakaalikwa watu wa chuo, mwandishi wa gazeti, na mpiga piano wa kusindikiza picha kama ilivyokuwa zamani. Jikoni waliagizwa keki. Wakazi ambao hawakuwahi kumsalimia walianza kumpisha kwenye korido. Yeye alikaa kimya, akila kidogo, na mara mbili tatu nilimkuta anatabasamu peke yake dirishani.

Siku ya sherehe, alasiri ile niliyokutajia, wageni wameshaanza kuingia, mimi niko chumbani kwake namchana nywele. Akanishika mkono wenye kitana.

"Zena," akasema, "ile picha si yangu."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamkumbusha dobi, mume, mlango. Akasema anayajua yote hayo, na ndiyo maana anajua kwamba si yake. Ni ya Nell Tarrant. Nell aliitunga wakati mama yake anakufa. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa, Cora amekaa kwenye kigoda na taipureta magotini, na Nell alikuwa akisimulia kwa kunong'ona ili mama asiamke. Yeye, Cora, alipiga taipu tu. Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia Bwana Hallam siku ile. Akanijibu kwamba mwanzo alitaka tu kuuona tena ule mwisho. Kisha kijana akawa ameondoka na furaha yake, naye akaamua kukaa na jambo lile siku chache, aone mtu aliyeandika kitu kama kile anajisikiaje. Akasema ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia.

Mwanangu, mimi nilimpenda yule bibi. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamsihi. Nilimwambia picha zake zote zimeungua, na hiyo haikuwa haki. Nikamwambia kwamba yeye anaidai dunia na sasa inamlipa, hata kama inamlipa kwa mkono wa mtu mwingine. Watu wamekuja na mvua, keki iko tayari, kijana wa watu ataaibika. Nell amekwishakufa, hana mtoto wala mjukuu, hatajua na hataumia. Mwishowe nikasema lile neno ambalo niliona limemaliza ubishi.

"Bibi, nani amebaki hapa duniani anayejua?"

Akanitazama. Hakukasirika. Ilikuwa kama anasoma kibao kilichoandikwa vibaya.

"Nimebaki mimi," akasema. "Nell hana shahidi mwingine. Na wewe unaniambia nifanye nini na ushahidi wangu?"

Nikainuka pale chini. Akaniambia nimalize nywele. Nilipomaliza, akanituma nikamwite Bwana Hallam aje chumbani, kwa sababu hakutaka asikie jambo lile mbele ya watu. Akaongeza, "Na kuna kitu kimoja nitakidai. Kile kibao cha mlangoni ni changu. Nell alikuwa amelala kwa uchovu, sentensi ilikuwa pungufu, nikaijaza. Alipoamka akaisoma, akasema iache. Hiyo sitampa mtu."

Nikamwita. Kijana alikuja anacheka, tai shingoni, akaondoka uso umemsawajika. Kabla hajaondoka alijaribu, na simlaumu. Alisema ameshawaambia watu wengi, makala yake imeshapokewa, labda leo tungeacha mambo yaende, kisha yeye mwenyewe angeandika masahihisho kwa utulivu baadaye. Bibi Cora akamwambia kwa upole kwamba katika umri wake neno baadaye huwa halimpi raha. Kijana akasimama, akatazama viatu vyake, halafu akauliza kama angependa aseme yeye au waseme wote wawili. Hapo nilimheshimu.

Nilimsukuma Bibi Cora kwenye kiti chake cha magurudumu hadi sebuleni. Sista Nyambura alikuwa amesimama mlangoni, nikamnong'oneza kwa Kiswahili kilichokuwa kinatokea. Akanishika bega. "Wacha aseme," akaniambia. "Amechunga hiyo kitu miaka yote hiyo, si wewe utamfunga mdomo."

Bwana Hallam akawakaribisha wageni, akasema kwamba amefanya kosa la kitaaluma na kwamba mtu pekee anayeweza kulirekebisha yuko mbele yao. Akampa kipaza sauti. Bibi Cora hakuzungumza kwa muda mrefu. Alisema picha watakayoiona iliandikwa na Nell Tarrant, mwanamke mrefu aliyevuta sigara nyingi na kuogopa farasi, ambaye alifukuzwa kazi picha zilipoanza kuongea, akamaliza maisha yake akipokea wageni kwenye hoteli ya kando ya barabara, na kwamba waandishi wengi wa kike wa enzi ile walijifunza kazi kwake bila yeye kutajwa popote. Akasema yeye mwenyewe aliandika picha ishirini na kitu na hakuna hata moja iliyopo, kwa hiyo wamwamini au wasimwamini, ni hiari yao. Lakini katika picha hii sentensi moja ni yake, na itakapofika atainua kidole.

Watu hawakujua wapige makofi au la. Mwandishi wa gazeti alifunga begi lake na kuondoka kabla taa hazijazimwa, nadhani aliona habari yake imekufa. Piano ikaanza. Tukatazama. Dobi akafua, akajenga, mume akagonga mlango, mlango ukafunguliwa, na katika mwanga ule mdogo nikaona kidole chembamba cha Bibi Cora kimeinuka. Kibao kikatokea. Wazee wale, wengi wao wajane, wakacheka cheko moja fupi, kisha bibi mmoja wa safu ya mbele akasema kwa sauti, "Vizuri." Hapo ndipo makofi yalipoanza, wakati picha haijaisha.

Bwana Hallam alirudi wiki iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Aliiondoa makala yake, na najua ilimgharimu, kwa sababu alikuwa anatafuta kazi ya kudumu pale chuoni na mwaka ule hakuipata. Alikaa na Bibi Cora akimsikiliza habari za Nell mpaka akaweza kutafuta zaidi huko Marekani, akaandika upya kwa usahihi. Picha ile sasa inaonyeshwa ikiwa na jina la Nell Tarrant mwanzoni. Mwishoni, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kibao kimoja ni cha Cora Haskett.

Siku moja nilimuuliza Bibi Cora kama anajuta. Nilikuwa nategemea aseme hapana. Alisema angependa sana ingekuwa yake, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na kwamba hilo nalo alikuwa analijua tangu siku alipoipiga taipu. Kisha akaniomba nimweleze kilichompata yule mwanamke wa Stechford aliyegombana na wifi yake, na nisianzie mbali.

Alikufa majira ya baridi yaliyofuata, kwa mafua yaliyoshuka kifuani. Mazishini tulikuwa wachache: Sista Nyambura, mimi, mpwa wa marehemu mumewe, na Bwana Hallam. Kwa miaka mingi nimeuliza habari za riwaya zake katika maduka ya vitabu vilivyotumika, na sijaipata hata moja. Picha zake nazo hazijaonekana. Huenda zisionekane kamwe. Sikwambii haya ili ulie. Ndivyo mambo yalivyokwisha.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana wewe ndiyo kwanza unaingia kazini. Huko utakutana na sifa zilizopotea njia. Zitakuja mezani kwako kwa kazi ya mwenzio, na mwenzio atakuwa amehama, au amefukuzwa, au amekufa, au ni mtu ambaye hakuna anayemsikiliza. Utajiambia kwamba hakuna anayejua. Usijihesabu kuwa si kitu. Wewe unajua, na wewe ni mtu. Sema ni ya nani, tena useme mapema, na yule utakayemharibia furaha yake mwambie pembeni kwanza, usimwanike mbele ya watu. Wala usijifanye mnyenyekevu ukaacha na kilicho chako. Kama ni kurasa mia, dai kurasa mia. Kama ni sentensi moja, inua kidole wakati wake ukifika, bila kuomba radhi. Na kama mwisho wa yote hakitabaki chochote chenye jina lako, usidhani umeishi bure. Mimi nilimchana nywele mtu wa namna hiyo, na sijawahi kukaa karibu na maisha yaliyojaa kama yale.

Mungu akujalie kazi ya halali na wenzio wa kweli. Akupe ulimi usioogopa kutaja jina la aliyekutangulia, akufungulie mlango pale palipo haki yako, na akulaze usingizi mwema kila siku ya maisha yako. Amina.